Namna ya kutumia takriri bila kuwachosha watu

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi mkononi: umepewa risala ya mahafali, umeombwa useme neno kwenye harambee ya shule, una shairi la kupeleka gazetini, au hadithi fupi inayokataa kutulia. Takriri, yaani kurudia neno au sauti kwa makusudi, wengi wetu tuliijua darasani, katika orodha ya mbinu za lugha, na kazi yetu ilikuwa kuitambua tu. Neno limerudiwa, andika "takriri", chukua alama, nenda swali linalofuata. Kuitumia ndiko kunakosumbua, kwa sababu kurudia maneno hata mtu aliyekosa la kusema hukufanya, tena huyo ndiye hukufanya kwa wingi zaidi.

Kanuni ninayoifuata ni moja, na hatua zote zilizo hapa chini zinaitumikia: kinachorudiwa kikae palepale, kilicho jirani yake kisogee. Kila neno linaporudi, msikilizaji awe amefika mahali ambapo hakuwapo liliposemwa mara ya kwanza. Likirudi naye yupo palepale, umemchosha.

Hatua ya kwanza: fagia kwanza

Huwezi kuweka takriri ya makusudi katika maandishi yaliyojaa marudio ya bahati mbaya. Haitasikika. Kwa hiyo andika rasimu yako kama inavyokujia, kisha chukua kalamu ya rangi na uzungushie duara kila neno lililojirudia ndani ya aya moja. Tuchukue rasimu hii ya mjumbe wa kamati ya shule:

"Ndugu wazazi, shule yetu ina tatizo la madawati. Tatizo hili la madawati ni tatizo kubwa. Madawati ni muhimu kwa sababu watoto wanahitaji madawati ili wasome vizuri. Kwa hiyo tunaomba mchango kwa ajili ya madawati."

Madawati mara tano, tatizo mara tatu, na hakuna lililosogea. Sentensi ya pili inasema yale yale ya kwanza ikiwa imeongezewa "kubwa". Ya tatu inatueleza kwamba dawati ni la kusomea, jambo ambalo hakuna mzazi aliyekuja mkutanoni bila kulijua. Ukifagia, inabaki hivi:

"Ndugu wazazi, watoto wetu wengi wanakaa sakafuni. Tunaomba mchango wenu wa madawati."

Fupi, kavu, lakini safi. Sasa kuna nafasi ya kujenga, na tutairudia rasimu hii mbele kidogo.

Wakati wa kufagia kuna takataka za aina tatu za kutafuta. Kwanza ni maneno ya kuunganishia ambayo mkono umeyazoea: "kwa hiyo", "ambapo", "suala la", "katika". Habari za redioni zimetuambukiza "ambapo" kiasi kwamba mtu anaweza kuitumia mara nne kwa pumzi moja bila kuhusisha mahali popote. Pili ni maana iliyosemwa mara mbili bila faida: "kurudia tena", "lakini hata hivyo", "kwa mfano kama vile". Kata upande mmoja.

Tatu ndiyo yenye kuhitaji jicho zaidi, kwa sababu inatoka kwenye sarufi yenyewe. Kiswahili hurudia sauti bila kuombwa. Jina likishaingia kwenye sentensi, kiambishi chake huvaliwa na kila kinacholifuata: kivumishi, kionyeshi, kitenzi, hata kile kiunganishi kidogo cha "-a". Ndiyo maana ofisi zetu hutoa sentensi kama hii: "Vikundi vya vijana vya vijiji vya jirani vimepewa vifaa vya kilimo." Isome kwa sauti uone ulimi unavyokwama kwenye "vi" na "vya". Hakuna kosa la sarufi hapo, ila masikio yanasikia kelele pale ambapo mwandishi hakukusudia kitu. Dawa ni kubadilisha jina linaloongoza sentensi, na kutaja vitu kwa majina yao: "Vijana wa vijiji jirani wamepewa majembe na mbegu kupitia vikundi vyao." Ngeli zimechanganyika, kelele imeisha, na juu ya hayo tumejua vifaa vyenyewe ni vipi.

Usiende mbali ukavunja kila upatanisho. Ukiamua kuwa sauti hiyo hiyo ndiyo unayoitaka, iache.

Hatua ya pili: chagua kimoja tu cha kubeba uzito

Jiulize: mtu akitoka hapa akiwa amesahau yote, neno gani ningependa abaki nalo? Hilo ndilo la kurudia. Liwe fupi, litamkike kwa pumzi moja, na liwe limebeba hoja yenyewe. Wasemaji wengi huchagua kurudia pambo. Utasikia "ndugu zangu wapendwa" mara kumi na tano katika hotuba moja, na watu wanatoka wakiwa wamependwa lakini hawajui walichoitiwa.

Mfano wa Kiswahili ambao bado haujapitwa ni hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Alitaja vitu vitatu: uwezo wa kumpiga, sababu ya kumpiga, nia ya kumpiga. Kila kimoja akakifunga na "tunao" au "tunayo". Angalia alichokirudia. Katika kauli hizo tatu hakurudia jina la Amin, wala hakurudia ubaya wa uvamizi, ambao kila mtu alikwisha kuusikia. Alirudia tendo linalokuja na kitenzi cha kumiliki. Vinavyobadilika ni vitu vitatu ambavyo mtu yeyote anayetaka kuingia ugomvini angevihesabu kwa vidole. Na sarufi ikamsaidia: uwezo unadai "tunao", sababu na nia zinadai "tunayo", basi mwisho unafanana bila kuwa mmoja kabisa. Hadi leo watu huitaja hotuba hiyo kwa mkato wa maneno matatu, nia, sababu, uwezo, na kila mtu anayapanga anavyotaka. Mpangilio umepotea kwenye vinywa, uzito umebaki.

Ukiona una maneno mawili unayotaka kuyarudia, una hotuba mbili. Chagua moja.

Hatua ya tatu: amua litakaa wapi

Neno linalorudiwa lina mahali pa kukaa, na kila mahali pana kazi yake.

Mwanzoni mwa sentensi linasukuma. Martin Luther King alipohutubia Washington tarehe 28 Agosti 1963, sehemu ya "nina ndoto" haikuwa kwenye maandishi aliyoyaandaa. Aliiingiza akiwa amesimama mbele ya watu. Watu hukumbuka hayo maneno mawili na kusahau kwamba mara nyingi yanaporudi yanafuatwa na kitu cha kuonekana kwa macho: vilima vyekundu vya Georgia, watoto wake wanne. Wanaomuiga kwenye majukwaa yetu huchukua "nina ndoto" na kuifuatisha "maendeleo", kisha "umoja", kisha "mshikamano", na ndoto inakuwa taarifa ya wizara.

Mwishoni mwa sentensi linatuliza na kufunga. Mahali hapa ni pa ibada na wimbo. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele". Ukiisoma harakaharaka utadhani mwandishi alikuwa na maneno machache. Soma upande wa kushoto peke yake: baada ya mwito wa kushukuru unaingia uumbaji wa mbingu, unapita Misri, bahari, jangwa na wafalme waliopigwa, mpaka unafika kwenye chakula cha kila mwenye mwili. Safari yote hiyo iko upande mmoja, na upande wa pili kuna jibu lisilotikisika. Sura ya Ar-Rahman nayo ina aya 78, na swali moja linarudi mara 31, likiuliza ni ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha. Swali hilo likija baada ya jua, mwezi na matunda, linasikika kama ukumbusho. Likija mara tu baada ya kutajwa Jahannamu, maneno ni yale yale lakini mtu anajikunyata. Hapo ndipo kanuni yetu inapoonekana katika umbo lake kali kabisa.

Mahali pa tatu ni kwenye kiungo, pale mwisho wa kauli moja unapokuwa mwanzo wa inayofuata. Mimi hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, na mwalimu wangu ni methali: "Kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe." Tuifungue taratibu. Kila kitenzi kinakuja kwanza kikiwa kimekanushwa, kisha kinarudi na "-ki-" ya sharti, yaani tumaini kidogo. Hatagi, haya, akitaga? Haangui. Haya, akiangua? Halei. Maskini anafunguliwa mlango na kufungiwa, anafunguliwa na kufungiwa, na mara ya mwisho unapofunguliwa kabisa, wakati hakuna tena ukanushaji, mwewe anashuka. Mtunzi hakusema neno moja kuhusu umaskini unavyoumiza. Kiungo kimefanya kazi yote.

Mnyororo wa namna hii unafaa pale jambo moja linapozaa lingine: deni, ugonjwa, uzembe wa ofisi, ukarimu pia. "Asiyeandika hakumbuki, asiyekumbuka hadai, asiyedai halipwi." Ukitaka kujaribu mkono wako, anza na mnyororo kabla ya aina nyingine, kwani ndio unaokatika waziwazi pale hoja inapokuwa dhaifu. Kama kiungo cha pili hakitokani kweli na cha kwanza, hata mtoto atasikia.

Hatua ya nne: sogeza kilicho jirani

Sasa turudi kwa mjumbe wetu wa madawati. Amechagua kitu cha kurudia, nacho ni "mtoto anayekaa sakafuni". Amechagua mahali, mwanzoni. Anaandika:

"Mtoto anayekaa sakafuni huandikia pajani.
Mtoto anayekaa sakafuni hurudi nyumbani sare imegeuka rangi.
Mtoto anayekaa sakafuni hupiga chafya Januari hadi Desemba.
Mtoto anayekaa sakafuni haoni ubao, na asiyeona ubao huacha shule.
Ndugu wazazi, mtoto huyo si wa mwalimu mkuu. Ni wetu."

Mambo manne ya kuangalia hapo.

La kwanza ni kwamba Kiswahili hakikulazimishi kulirudia jina. Baada ya sentensi ya kwanza ungeweza kusema tu "Hurudi nyumbani sare imegeuka rangi. Hupiga chafya." Kila mtu angeelewa ni nani. Kwa hiyo unapolirudia jina zima, sikio linajua umefanya makusudi na linasubiri kuona sababu. Umekopa usikivu, lazima ulipe.

La pili ni mpangilio. Kuandikia pajani ni usumbufu, sare ni gharama ya sabuni, chafya ni afya, kuacha shule ni maisha. Ukiiondoa sare hapo na kuiweka mwisho, hotuba inashuka ngazi badala ya kupanda, na mzazi anabaki kuwaza sabuni.

La tatu ni sentensi ya mwisho, inayokataa kufuata mkondo. Watu wamekwisha kuzoea wimbo. Wanategemea "mtoto anayekaa sakafuni" ya tano. Wakinyimwa, wanainua vichwa. Maneno unayotaka yawaingie zaidi yaweke hapo, pale unapovunja mpangilio. Ndani yake husikika nusu tu.

La nne ni kwamba hakubadilisha "mtoto" kuwa "mwanafunzi", kisha "kijana wetu", kisha "taifa la kesho". Tulifundishwa kwenye insha tutafute visawe ili tusirudie neno, na kwa insha ya kawaida ushauri huo ni mzuri. Ndani ya takriri ni sumu. Neno likibadilika, msikilizaji anadhani umehamia kwa mtu mwingine, na kamba inakatika katikati.

Hatua ya tano: hesabu

Mara mbili inasikika kama umejikwaa, isipokuwa kwenye methali na kauli fupi. Mara tatu ni salama. Mara nne inavumilika kama ya nne ni ndefu zaidi au inageuka, kama tulivyoona. Kuanzia tano unahitaji wimbo, sala, au jukwaa lenye watu wanaojibu.

Hesabu hii inabadilika kulingana na njia. Anayesikiliza hawezi kufunua ukurasa nyuma. Kilichompita kimempita, kwa hiyo hotuba inahitaji marudio zaidi ya makala. Msomaji jicho lake linaona safu ya maneno yanayofanana kabla hajaisoma, na mara nyingi huruka. Hotuba iliyopendwa ukumbini ikichapishwa neno kwa neno inaweza kusomeka kama mtu aliyepagawa. Ukitakiwa kuichapisha, punguza.

Maneno pacha: tahadhari kabla ya kuyagusa

Yupo atakayejaribu kusisitiza kwa kuliweka neno mara mbili bega kwa bega. Kiswahili kimekwisha kuzipa kazi nyingine pacha hizo, na mara nyingi kazi yenyewe ni kinyume cha mkazo. Rangi ya kijani kijani si kijani kikali, inakaribia tu. Mtoto anayesomasoma hasomi kwa bidii, anafungua na kufunga kitabu. Anayetembeatembea hana anakokwenda. Biashara ndogo ndogo ni nyingi, si ndogo mno. Wageni walioingia wawili wawili wamepangwa. "Leo leo" na "hapa hapa" hizo kweli zinakaza, zinasema ndiyo hii na si nyingine.

Hata "sana" yaweza kukuponyoka. "Nakushukuru sana sana" ni shukrani kubwa. "Sanasana atakupa elfu tano" ni dharau.

Ukitaka mkazo, tenganisha pacha hao. Weka nukta, weka mkato, weka "tena" katikati. "Sitaki sitaki" ni maringo ya mtu anayetaka. "Sitaki. Nimesema sitaki." Huyo amekataa katakata, na mwone huyo "kataa katakata" alivyojijenga mwenyewe kwa silabi zake.

Hatua ya sita: sauti, kwa kiasi

Takriri ya sauti, konsonanti au irabu zinazojirudia, ni kiungo kikali kama pilipili, na sitakaa hapo sana. Methali zimeshatuonyesha kipimo. "Hasira hasara": irabu moja tu imebadilika, na maana imetoka moyoni ikaingia mfukoni. "Penye nia pana njia." "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kote huko sauti zinakaribiana na maana zinaachana, na raha iko hapo kwenye kuachana. Sauti zikikaribiana na maana nazo zikikaribiana, unapata kitanza ndimi. Moja kwa aya inatosha.

Hatua ya saba, kwa wenye hadithi

Msimulizi wa ngano anaweza kusema "akatembea, akatembea, akatembea" akivuta sauti, na watoto wakaona umbali. Ukurasa hauna sauti ya kuvuta. Mwandishi anayeyaandika hivyo hivyo amehamisha maneno akaiacha pumzi jukwaani. Jaribu hivi: "Akatembea, akatembea, jua likazama, akatembea." Kitenzi ni kile kile mara tatu, lakini cha tatu ni mwendo wa gizani, na hukulazimika kusema giza, woga wala uchovu. Kitu kimoja kidogo kimeingizwa kati ya marudio na kimekibadilisha kinachofuata.

Ngano zetu pia hupenda tukio linalorudi mara tatu: ndugu watatu wanakwenda kisimani, wawili wanashindwa, wa mwisho anafaulu, na kila mmoja anaimba wimbo ule ule. Barazani mara zote tatu husimuliwa kikamilifu kwa sababu hadhira inaimba pia. Kurudia ni zamu yao ya kushiriki. Kwenye karatasi andika mara ya kwanza yote, wimbo na kila kitu. Mara ya pili, nusu: "Wa pili naye akashuka, akaimba, maji yakanyamaza." Mara ya tatu rudi kwa ukamilifu, neno kwa neno kama ile ya kwanza, kisha badilisha kitu kimoja. Msomaji anayekumbuka ya kwanza ataliona badiliko kabla hujamwambia, na atafurahi kwa kuliona mwenyewe.

Na kwa wenye shairi

Mshairi wa tarbia, yaani shairi lenye mistari minne kila ubeti, mara nyingi ana takriri aliyopewa tayari: kibwagizo. Mstari wa nne unarudi kila ubeti, kwa kawaida mizani (silabi) 16, vina vile vile. Hatari yake ni kwamba unarudi wenyewe, ubongo ukiwa umelala. Mashairi mengi ya kurasa za magazeti kibwagizo chake kingeweza kuhamishiwa shairi lingine na hakuna angegundua. Nitatunga beti mbili za mfano hapa hapa tuone kibwagizo kinavyoweza kufanyiwa kazi:

Nimeamka gizani, jogoo hajaamka,
Na ndoo yangu kichwani, kisimani nikashuka,
Foleni hadi njiani, zamu bado kunifika,
Maji yakija nyumbani, ndoo tutaitundika.

Bomba liko mlangoni, koki kutu imeshika,
Walisema jukwaani, makofi yakalipuka,
Nayaimba kisimani, mgongo unakatika,
Maji yakija nyumbani, ndoo tutaitundika.

Katika ubeti wa kwanza mstari wa mwisho ni tumaini la mama aliye kwenye foleni. Katika wa pili, hatukugusa hata silabi, lakini sasa tunajua maneno hayo yalitoka jukwaani na bomba limeshika kutu. Tumaini limekuwa kejeli. Kwa hiyo unapotunga, anza na kibwagizo, kiandike juu ya karatasi, kisha kwa kila ubeti jiulize: nani anakisema safari hii, na anakiamini? Ukipata jibu jipya kila mara, una beti za kutosha. Jibu likianza kujirudia, shairi limeisha, hata kama ulipanga beti kumi.

Ukitaka mnyororo ndani ya shairi, kuna pindu: maneno yaliyofunga ubeti ndiyo yanayofungua unaofuata. Hapo juu ubeti wa pili ungelazimika kuanza na "Ndoo tutaitundika". Ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu kipande cha kufungia huwa na mkao wa kufungia. Kuna na kikwamba, ambapo neno moja linaanza kila ubeti au kila mstari. Zuri kwa maombolezo na sifa, zito kwa mengine yote.

Hatua ya mwisho: mpe ulimi uamue

Soma kwa sauti, kwa mwendo utakaotumia siku yenyewe. Jirekodi kwenye simu na usikilize ukiwa unafanya kazi nyingine, kuosha vyombo au kupanga nguo. Usikae kujisikiliza kwa makini. Hadhira yako nayo haitakuwa makini. Pale ambapo takriri inakurudisha mawazo bila kutaka, iache. Pale ambapo umejikuta unajua kinachokuja na hukijali, kata moja.

Kama ni hotuba, tengeneza karatasi ya kusomea. Kila marudio yaanze mstari wake, usiyabananishe kwenye aya. Weka mkwaju kabla ya neno linalobadilika, si kabla ya linalorudiwa: "Mtoto anayekaa sakafuni / huandikia pajani." Kimya hicho kifupi ndicho kinachomfanya mtu asubiri kipya, na ukikiweka upande wa pili utakuwa unalisisitiza lile analolijua tayari. Linalorudiwa lisome kwa sauti ile ile, kasi ile ile, kila mara. Wengi huanza kupaza sauti mara ya pili tu, na wakifika ya nne hawana pa kupanda. Mstari unaovunja mpangilio ujifunze kwa moyo, ili ukiufikia uwe unawatazama watu na si karatasi.